Ni nani amwambie bondia wa uzani wa juu kwamba imetosha?

KATIKA michezo mingi, mwanamichezo anayeshindwa kila mara hujikuta amestaafu hata kabla hajatangaza. Mwanasoka aliyechoka huwekwa benchi, kisha mkataba wake humalizika na hakuna klabu nyingine inayomtaka. Mwanariadha anayepitwa na chipukizi huachwa nje ya kikosi cha taifa kwa sababu saa haidanganyi. Katika ndondi za kulipwa mambo huwa kinyume. Bondia wa uzani wa juu mwenye jina kubwa anaposhindwa mara ya kwanza, ya pili na hata ya tatu, milango haifungwi. Aghalabu hufunguliwa zaidi, kwa maana wapo chipukizi tele wanaotamani kuliongeza jina lake katika orodha ya waliowachapa, nao mapromota wanajua kwamba jina hilo lingali linauza tiketi.

Hali hiyo ndiyo inayolifanya kuwa gumu swali ambalo mashabiki wa ndondi wameulizana kizazi baada ya kizazi: je, bondia wa uzani wa juu anayeshindwa mara kwa mara anafaa kutundika glavu? Wapo wanaoamini kwamba uamuzi ni wa bondia mwenyewe, kwani mwili ni wake na kichwa ni chake. Hao huongeza kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wengine hushikilia kwamba ndondi si mchezo kama mingine, na kwamba anayepigwa ndiye huwa wa mwisho kufahamu kuwa amepigwa vya kutosha.

Ni nadra mvutano huo kuonekana waziwazi kama ilivyokuwa Agosti 2005, ilipobainika kwamba tume inayosimamia ndondi katika jimbo la New York, Marekani, ilikuwa imempiga marufuku Evander Holyfield kupigana jimboni humo. Sababu haikuwa dawa za kusisimua misuli, wala utovu wa nidhamu, wala ugonjwa. Holyfield alikuwa amepita vipimo vya madaktari. Tume ilisema tu kwamba uwezo wake ulingoni ulikuwa umefifia.

Aliyeambiwa maneno hayo hakuwa bondia wa vivi hivi. Holyfield, aliyezaliwa Oktoba 1962, alijulikana kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, ambako aliambulia nishani ya shaba baada ya kuondolewa katika nusu fainali kwa kumpiga mpinzani wakati mwamuzi alikuwa amewaamuru waachane. Julai 1986, akiwa bado katika uzani ulio chini ya ule wa juu, alimshinda Dwight Muhammad Qawi katika raundi 15 ambazo wajuzi wengi huzihesabu miongoni mwa kali kuwahi kupigwa katika uzani huo. Kisha akala, akafanya mazoezi ya kuongeza misuli, akapanda kwa majitu.

Oktoba 1990 alimwangusha James Buster Douglas katika raundi ya tatu na kuwa bingwa asiyepingwa wa uzani wa juu. Alilipoteza taji kwa Riddick Bowe mwaka 1992, akalirejesha mwaka 1993. Novemba 1996, wakati wengi walihofia kwamba angeumizwa vibaya na Mike Tyson, alimchapa Tyson hadi mwamuzi akasimamisha pigano katika raundi ya 11. Waliporudiana Juni 1997, Tyson alimng'ata masikio na kufukuzwa ulingoni. Kwa jioni hiyo moja Holyfield alilipwa takriban dola milioni 35. Agosti 2000 alimshinda John Ruiz na kuwa bondia wa kwanza kulitwaa taji la uzani wa juu mara nne.

Mtu aliyepitia hayo yote si rahisi kumshawishi kwamba ameisha. Isitoshe, watu walikuwa wamekwisha kumwambia hivyo zamani na akawaumbua. Aprili 1994, baada ya kushindwa na Michael Moorer, madaktari walisema ana tatizo la moyo, naye akatangaza kustaafu. Uchunguzi wa baadaye ukamwondolea shaka hiyo, akarejea ulingoni, na miaka miwili hivi baadaye alikuwa amesimama juu ya Tyson. Aliyewahi kuzikwa akiwa hai hana sababu ya kuamini wachimba kaburi wanaporudi mara ya pili.

Hata hivyo, takwimu za miaka iliyofuata zilikuwa nzito. Tangu Novemba 1999 aliposhindwa na Lennox Lewis hadi Novemba 2004, Holyfield alipigana mara nane. Alishinda mara mbili, akatoka sare mara moja na kushindwa mara tano. Tatu kati ya hizo tano zilifuatana.

Ya kwanza kati ya hizo tatu ilikuwa Desemba 2002 mjini Atlantic City, ambako Chris Byrd, bondia mwepesi na mjanja, alimkwepa usiku kucha na kumshinda kwa pointi. Ya pili ilikuwa Oktoba 2003 mjini Las Vegas. Mpinzani wake, James Toney, alikuwa ameanzia katika uzani wa kati na hakuwa amewahi kupambana na mtu wa uzani wa juu mwenye jina kama hilo. Toney alimpiga mwilini na kichwani hadi katika raundi ya tisa, ambapo kona ya Holyfield yenyewe ilirusha taulo ulingoni. Ya tatu ilikuwa katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Novemba 2004, dhidi ya Larry Donald, bondia mzuri lakini ambaye hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Majaji wote watatu walimpa Donald ushindi kwa tofauti kubwa.

Hapa ndipo hesabu ya kushindwa inapohitaji kusomwa kwa makini, kwa maana si kila kushindwa ni sawa. Kushindwa na Lewis mwaka 1999 hakukuwa aibu wala dalili ya uzee. Lewis alikuwa bora kuliko wote wa wakati wake, mrefu na mzito zaidi, na pigano lilifika raundi ya mwisho. Hata kushindwa na Byrd kungeweza kuelezwa, kwani Byrd aliwasumbua vijana wenye nguvu zao. Lakini pigano la Donald lilikuwa la aina nyingine. Hakuna aliyemwangusha Holyfield usiku huo. Hakuvuja damu nyingi, hakuzimia. Alichoshindwa kukifanya ni kurusha ngumi. Jicho lilikuwa likiuona mwanya, lakini mkono ulipofika mwanya ulikuwa umekwisha kufungwa. Na kwa kila ngumi aliyochelewa kuirusha, alipokea moja au mbili ambazo miaka 10 awali angezikwepa bila kufikiri.

Hilo ndilo lililowatia wasiwasi wasimamizi wa New York. Bondia anayeangushwa kwa konde moja hupewa likizo ya lazima, hupimwa, na kila mtu humwonea huruma. Anayebaki wima raundi 12 akipokea makonde madogo madogo hupigiwa makofi kwa ushujaa wake, na mwezi unaofuata yuko tena mazoezini akipigwa na wenzake wa kujifunza nao. Ilhali kwa ubongo, huyo wa pili huenda ndiye aliye hatarini zaidi.

Maarifa hayo si mapya. Mwaka 1928 daktari Mmarekani Harrison Martland aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa nchi yake kuhusu mabondia wanaopepesuka na kuongea kwa taabu kama walevi ilhali hawajaonja pombe. Tangu hapo sayansi imezidi kufafanua jambo hilo. Fuvu ni gumu lakini ubongo ulio ndani yake ni laini na huelea katika maji. Kichwa kinapozungushwa ghafla na konde, ubongo hubaki nyuma kidogo, kisha hufuata kwa kishindo, na nyuzi zake nyembamba huvutwa. Konde moja la namna hiyo huenda lisiache alama yoyote. Maelfu ya makonde, katika miaka 20 ya mapigano na mazoezi, yanaweza kuanzisha ugonjwa unaoula ubongo polepole, ambao dalili zake huchelewa kujitokeza na ambao mpaka sasa huthibitishwa tu kwa kuuchunguza ubongo wa mtu aliyekwisha kufariki.

Kwa hivyo picha za hospitalini, ambazo mabondia hupenda kuzipunga mbele ya waandishi wa habari, hueleza nusu tu ya habari. Zinaweza kuonyesha kwamba hakuna damu iliyoganda wala uvimbe. Haziwezi kuonyesha kwamba bondia atakuwa salama baada ya miaka 10. Aidha, haziwezi kupima kile ambacho New York ilidai kukipima, yaani kasi ya kujikinga. Hicho hupimwa kwa macho, ulingoni, na watu wanaoujua mchezo.

Uzani wa juu huongeza hatari hiyo kwa sababu mbili. Katika uzani mwingine wote kuna kikomo, na bondia hukutana na mtu wa kimo chake. Katika uzani wa juu kikomo ni cha chini tu: mradi umevuka ratili 200, ambazo ni takriban kilo 91, unaweza kukutana na yeyote. Sababu ya pili ni kwamba nguvu za ngumi ndizo huwa za mwisho kumtoka bondia mkubwa. Miguu hutangulia kuondoka, kisha macho na wepesi wa kichwa, lakini konde zito hubaki. Bondia wa uzani mwepesi aliyepoteza kasi amepoteza kila kitu na huacha. Mwenzake wa uzani wa juu hubaki na tumaini kwamba konde moja litamwokoa, na tumaini hilo humrejesha ulingoni tena na tena.

Tumaini hilo lina jina: George Foreman. Kila bondia mkongwe anayeambiwa astaafu humtaja. Foreman, aliyepoteza taji kwa Muhammad Ali mjini Kinshasa Oktoba 1974, alistaafu mwaka 1977 baada ya kushindwa na Jimmy Young. Alirejea mwaka 1987 akiwa mnene na mwenye upara, akashindwa na Holyfield mwaka 1991 na Tommy Morrison mwaka 1993, na wengi wakamwambia aende nyumbani. Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 45 na akiwa nyuma kwa pointi, alimwangusha Moorer kwa KO katika raundi ya 10 na kuwa bingwa tena, miaka 20 baada ya Kinshasa.

Ni hadithi tamu, lakini hutumiwa vibaya. Wanaoisimulia husahau ile miaka 10 ya katikati, ambayo Foreman aliitumia kanisani, akihubiri, bila kupigwa kichwani hata mara moja. Alirejea akiwa na mtindo mpya wa kujikinga kwa mikono iliyokunjwa mbele ya uso, na kwa muda mrefu alichagua wapinzani dhaifu ili ajipime. Bondia aliyepigana mfululizo tangu ujana wake hadi kufikia miaka 42, dhidi ya Qawi, Bowe mara tatu, Tyson mara mbili na Lewis mara mbili, si mtu wa kulinganishwa naye.

Mfano unaomfaa Holyfield zaidi ni wa Ali mwenyewe, na ndio ambao tume zote za ndondi zinapaswa kuufahamu. Septemba 1977, baada ya Ali kumshinda Earnie Shavers kwa taabu kubwa, daktari wake wa muda mrefu, Ferdie Pacheco, aliona kwamba figo za bondia huyo zilikuwa zimeanza kudhurika. Aliwaandikia Ali na watu wake wa karibu akiwaonya. Alipokosa jibu, alijiuzulu. Sikio la kufa halisikii dawa. Ali alishindwa na Leon Spinks Februari 1978, akamlipiza kisasi Septemba mwaka huo, kisha akatangaza kustaafu mwaka 1979.

Alipozuru Dar es Salaam na Nairobi mnamo Februari 1980, akitumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani kuyashawishi mataifa ya Afrika yasusie Olimpiki za Moscow, mashabiki walimwona kama bingwa aliyepumzika. Miezi minane baadaye alikuwa ulingoni Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 38, mbele ya Larry Holmes, kijana aliyewahi kumsaidia katika mazoezi. Kabla ya pigano hilo alikuwa amepimwa katika hospitali mashuhuri ya Mayo. Ripoti ilitaja mambo madogo madogo ya kutilia shaka, kama vile kutatizika kuruka kwa mguu mmoja, lakini haikuona sababu ya kumzuia. Nevada ikampa leseni. Ali hakushinda hata raundi moja. Holmes, ambaye alimheshimu, alianza kumwangalia mwamuzi kama anayemsihi akomeshe mambo. Mkufunzi Angelo Dundee ndiye aliyelimaliza baada ya raundi ya 10.

Hata hilo halikutosha. Desemba 1981 Ali alipigana tena, safari hii Nassau, katika visiwa vya Bahamas, mbali na tume kubwa za majimbo ya Marekani, na akashindwa na Trevor Berbick kwa pointi. Mwaka 1984 madaktari walithibitisha kwamba alikuwa na dalili za ugonjwa wa Parkinson, alioishi nao hadi alipofariki Juni 2016. Wapo wataalamu wanaosema kwamba ugonjwa huo ungempata hata kama asingekuwa bondia. Huenda. Lakini hakuna hata mmoja anayesema kwamba raundi zile 20 za Holmes na Berbick zilimfaidi.

Wakenya nao wana kumbukumbu yao chungu kuhusu Las Vegas. Robert Wangila, Mkenya wa pekee kuwahi kushinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki, alipata nishani hiyo Seoul mwaka 1988. Hakuwa wa uzani wa juu, wala hakuwa mzee. Alikuwa na umri wa miaka 26 tu alipopigana na David Gonzales Julai 1994. Mwamuzi alisimamisha pigano katika raundi ya tisa. Wangila aliondoka ulingoni, akapoteza fahamu baadaye, na akafariki siku mbili baada ya pigano. Kifo chake kiliwakumbusha wengi hapa nchini kwamba hatari ya ndondi haisubiri bondia aishe kwanza, na kwamba mwamuzi anaposimamisha pigano huenda saa ya kusimamisha iwe ilikwisha kupita.

Ni nani basi mwenye jukumu la kusema imetosha? Promota ana maslahi ya kifedha. Meneja hula asilimia ya malipo. Mkufunzi anayemwambia mkubwa wake ukweli huweza kujikuta hana kazi, na mwingine asiye na kinywa kirefu akachukua nafasi yake. Familia husikilizwa nyumbani tu. Mashabiki hulia kwa huruma siku ya Jumapili ilhali Jumamosi ndio waliolipa kutazama. Baki ni tume ya serikali, ambayo haipati asilimia ya ukongwe wa mtu.

Udhaifu ni kwamba Marekani haina tume moja. Kila jimbo lina yake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 kuhusu usalama wa mabondia ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuyataka majimbo yaheshimu adhabu za kusimamishwa zinazotolewa na majimbo mengine kwa sababu maalum, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuangushwa karibuni na kupoteza mapigano kadhaa mfululizo. Kwa maneno mengine, wabunge wa Marekani walikwisha kukubali kwamba kushindwa mara kwa mara ni suala la usalama wala si la aibu. Lakini kati ya sheria iliyoandikwa na mlango wa jimbo jirani kuna nafasi kubwa ya kupita. Uamuzi wa New York haukumfungia Holyfield kwingine. Texas ilimpa leseni, na Agosti 2006, mjini Dallas, alimshinda Jeremy Bates katika raundi ya pili.

Ni lazima upande wa Holyfield nao usemwe, kwa kuwa una uzito. Baada ya Bates aliwashinda Fres Oquendo, Vinny Maddalone na Lou Savarese, ushindi wa mara nne mfululizo kwa mtu aliyeambiwa ameisha. Oktoba 2007 alikwenda Moscow kuwania taji la WBO na kushindwa na Sultan Ibragimov kwa pointi. Desemba 2008 mjini Zurich, akiwa na umri wa miaka 46, alipambana na Nikolai Valuev wa Urusi, jitu lenye kimo cha zaidi ya mita mbili na uzani wa takriban kilo 140, lililompita kwa kilo zaidi ya 40. Majaji wawili walimpa Valuev ushindi na mmoja akasema ni sare, huku watazamaji wakizomea. Wengi walioliona pigano hilo waliamini kwamba mkongwe huyo alikuwa amenyang'anywa taji. Laiti angepewa, angeivunja rekodi ya Foreman.

Je, New York ilikosea? Ukitazama matokeo peke yake, unaweza kusema hivyo. Lakini ukitazama waliomshinda na aliowashinda, utaona jambo jingine. Wale wanne hawakuwa miongoni mwa mabondia bora wa wakati huo. Ibragimov, aliyekuwa na kasi, alimwonyesha kile kile alichoonyeshwa na Donald. Valuev alikuwa mzito wa mwendo kiasi kwamba hata mzee aliweza kumzunguka. Tume haikusema kwamba Holyfield hawezi tena kumshinda mtu yeyote. Ilisema kwamba hawezi tena kujikinga dhidi ya watu aliokuwa akitaka kupambana nao, yaani mabingwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi siku ulipotolewa na haukubatilishwa na bahati iliyofuata.

Lililokosekana ni utaratibu. Iwapo bondia anaweza kunyimwa riziki kwa sababu ya uwezo uliofifia, ni haki yake kuelezwa mapema kipimo kinachotumiwa: ni mapigano mangapi, ya aina gani, dhidi ya nani, na anaweza kukata rufani wapi. Bila hayo, bondia huona kwamba amedhalilishwa, naye hutafuta jimbo litakalomsitiri. Mtu mwenye kiburi cha bingwa ukimwambia hawezi, umempa sababu ya kujaribu.

Tena kuna fedha. Joe Louis alistaafu akiwa bingwa mwaka 1949, lakini deni la ushuru likamrudisha. Alishindwa na Ezzard Charles mwaka 1950, na Oktoba 1951, akiwa na umri wa miaka 37, aliangushwa na kijana Rocky Marciano katika raundi ya nane. Tyson aliwasilisha ombi la kutangazwa kufilisika mwaka 2003. Holyfield mwenyewe, licha ya mamilioni aliyoyapata, alilipoteza jumba lake la vyumba 109 katika jimbo la Georgia. Alisema mara nyingi kwamba hakuwa akipigania fedha bali alitaka kustaafu akiwa bingwa asiyepingwa. Huenda alisema kweli. Ila mapromota walioandaa mapigano hayo hawakuwa na ndoto kama hiyo.

Mara chache bondia hujiambia mwenyewe. Lewis alimshinda Vitali Klitschko kwa taabu Juni 2003, akaona alichokiona, na Februari 2004 akastaafu akiwa bado bingwa, ingawa alikuwa akisubiriwa na mamilioni ya dola kwa pigano la marudiano. Tyson alichelewa kidogo. Baada ya kuangushwa na Lewis mwaka 2002 na Danny Williams mwaka 2004, alipambana na Kevin McBride mjini Washington Juni 2005. Raundi ya sita ilipomalizika, alibaki kwenye kiti chake na hakuinuka. Baadaye alisema hakuwa tena na moyo wa kazi hiyo. Kwa bondia aliyewahi kuwatia wengine hofu kabla ya kengele kulia, kubaki pale kitini kulihitaji ujasiri ambao haukupigiwa makofi ukumbini. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na jioni hiyo Tyson alikuwa mshindani. Takriban miaka 20 baadaye, Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka 58, alishawishika kurudi na kushindwa kwa pointi na Jake Paul, kijana aliyepata umaarufu kupitia video za mtandaoni. Jimbo lililoidhinisha pigano hilo lilikuwa Texas.

Holyfield alipigana mara ya mwisho katika pigano rasmi Mei 2011 mjini Copenhagen, alikomshinda Brian Nielsen wa Denmark, na mwaka 2014 akatangaza kwamba amestaafu. Rekodi yake ilisimama kwenye ushindi mara 44, kushindwa mara 10 na sare mbili.

Kisha, Septemba 2021, Oscar De La Hoya alipougua Covid siku chache kabla ya pigano la maonyesho lililokuwa lifanyike Los Angeles, waandalizi walimtafuta Holyfield achukue nafasi yake dhidi ya Vitor Belfort, Mbrazili aliyepata jina katika mapigano ya mseto. Holyfield alikuwa na umri wa miaka 58. Tume ya California ilikataa kumwidhinisha. Pigano lilihamishiwa Florida, ambako liliidhinishwa. Belfort alimwangusha Holyfield kwa konde la mkono wa kushoto, na mwamuzi alilisimamisha pigano sekunde 109 baada ya kengele ya kwanza. Holyfield alilalamika kwamba lilikuwa limesimamishwa mapema mno.